Kikapu Kilichogeuzwa Mdomo Chini

Siku tulipomzika dada yangu Kemunto, wanawake wa boma lake walikuwa wakikaanga unga wa wimbi nyuma ya jikoni, na moshi wake ukanifikia pale nilipokaa na wafiwa wengine. Ni harufu ya kitu kilicho karibu kuungua lakini hakijaungua, chachu na tamu kwa pamoja. Wengine waliifurahia. Mimi nilihamisha kiti. Binti wa marehemu akaniuliza kama moshi unaniumiza macho, nikamwambia ndiyo. Hayakuwa macho.

Baadaye mwanawe mkubwa, mzee mwenye mvi sasa, alisimama kuwashukuru watu. Alisema mama yao alilala hospitalini muda mrefu, akapasuliwa, akawekewa mashine, na bima ililipa kila kitu, nao watoto hawakuuza hata kuku. Watu wakaguna kwa kuridhika. Nilimtazama nikaona kwamba hajui. Hajui kwamba yeye na ndugu zake walizaliwa katika boma lile kwa sababu mtu aliugua kwetu na hapakuwa na kitu cha kumtibia. Kemunto hakuwaambia. Hakuwa mtu wa kuwaambia watoto mambo ambayo hawawezi kuyarekebisha. Mimi ndiye niliyebaki ninayejua, na nawaandikia wa rika langu, ambao hawahitaji kuelezwa nyumba hufananaje ugonjwa ukishapita ndani yake.

Jambo moja kwanza. Kwetu Kisii, kwa Ekegusii, mama mzazi huitwa baba, na baba mzazi huitwa tata. Wageni hucheka wakisikia. Humu nitasema mama na tata, ili nisimchanganye mtu.

Tulikaa upande wa Ikonge. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha na wanaume walikuwa wamerudi na makoti mazito ambayo waliyavaa hata juani. Tata hakwenda vitani. Alikuwa na ng'ombe wachache, mbuzi, shamba la wimbi na migomba, na kaka mkubwa aliyeitwa Nyakundi, ambaye maneno yake yaliingia nyumbani kwetu kabla ya yeye mwenyewe kuingia. Mama alikuwa Msabato. Kemunto alikuwa msichana mkubwa, amejifunza kusoma kanisani. Kila Jumamosi mchana alinikalisha chini ya migomba akanifundisha herufi kwa kijiti kwenye udongo. Alitaka kuwa mmoja wa wale wanawake waliofundisha watoto kusoma, basi. Halikuwa jambo kubwa. Alikuwa amekwisha ambiwa na mwalimu wa kanisa kwamba atapewa darasa la wadogo.

Wanawake wa kilima chetu walikuwa na ghala moja la pamoja, nyumbani kwa mwanamke mmoja mzee aliyeitwa Nyaboke. Ghala, ambalo sisi huliita ekiage, lilifumwa kwa fito, likakandikwa kwa kinyesi cha ng'ombe, likainuliwa juu ya mawe ili panya wasifike. Kila mavuno kila mwanamke alimimina humo kikapu kimoja cha wimbi. Nyumba ya mmoja wao ikiingiwa na ugonjwa, ghala lilifunguliwa. Wimbi lilibadilishwa sokoni kwa mbuzi au kwa chochote mganga au hospitali ilichotaka, na wenzake wakamlimia shamba mpaka ainuke. Mwaka usiokuwa na mgonjwa, hakuna aliyerudishiwa kikapu chake. Wimbi la zamani walilipika uji, wakanywa pamoja baada ya palizi, na mpya likaingia. Hilo la kutorudishiwa ndilo lililowakera wanaume.

Nakumbuka tata akimwuliza mama, sauti yake ikiwa ya chini, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko ya juu. "Kwa hiyo wimbi langu linalala kwa Nyaboke, likisubiri niugue?"

Mama akasema halimsubiri yeye. Linamsubiri yeyote.

"Na yeyote asipougua?"

"Tunashukuru Mungu."

Nyakundi alikuwa amekaa mlangoni, akichokoa meno. "Ugonjwa una masikio," alisema. "Ukisikia mahali umewekewa chakula, unakuja kula. Nyinyi wanawake mnauita kwa jina."

Mimi niliyasikia hayo nikayachukua kama yalivyo. Nilidhani ugonjwa ni mtu. Nilidhani anatembea kilimani akinusa maghala.

Msimu ule tata alitaka kufungua shamba jipya kwenye mteremko, na kwa kazi ile alihitaji kuwaita majirani na kuwapikia pombe. Wimbi la nyumbani halikutosha. Akaenda kwa Nyaboke kudai kikapu cha mama, na akanichukua mimi nikibebe. Nyaboke alikuwa mrefu, mkavu, na jicho lake moja lilikuwa na utando mweupe. Nilitarajia atabisha. Hakubisha. Alipima wimbi kwa kikapu kilekile, akalimwaga katika ngozi tuliyokuja nayo, halafu akakichukua kikapu cha mama akakigeuza mdomo chini, akakiweka mbele ya mlango wa ghala.

"Ndiyo nini hiyo?" tata akauliza.

"Ni nyumba yako, imetoka."

"Wimbi nimelima mimi."

"Sijakukatalia," akasema Nyaboke. "Kunywa."

Pombe ilipikwa kwetu. Mama hakuigusa, kwa sababu ya dini na kwa sababu ya hasira. Walioukaanga unga ni wake wa Nyakundi, nyuma ya nyumba, na harufu ile ikaingia kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye maziwa. Kisha wakachanganya na kimea ndani ya mtungi mkubwa, na mimi nikawa nachungulia. Kulikuwa na povu lililopanda lenyewe, likavimba, likapasuka, likavimba tena, bila mtu kulikoroga. Wanaume walizunguka mtungi na mirija yao mirefu, wakacheka, na shamba la mteremkoni likalimwa nusu.

Halafu tumbo la mama likaanza kuvimba.

Kwanza watu walimpongeza. Tata mwenyewe alitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini miezi ilipita, tumbo likapanda, mikono na uso vikakonda, na mtoto hakuja. Wake wa Nyakundi wakaanza kuhesabu kwa vidole na kunyamaza mama akipita. Mimi nilikuwa na maelezo yangu na sikumwambia mtu. Nilijua ni pombe. Wimbi la wagonjwa lilikuwa limetolewa mahali pake, likavimba mtungini, na sasa lilikuwa likivimba ndani ya mama, ambaye hata hakulinywa. Hilo ndilo lililonichoma: kwamba walikunywa wao na likamwingia yeye. Usiku nililala na sikio langu kwenye mgongo wake, nikisikiliza kama kuna povu linapasuka.

Mpiga ramli wa kwanza alisema mimba imefungwa na mtu mwenye wivu, akataka mbuzi. Mbuzi akaenda. Wa pili alisema ni babu aliyesahauliwa, akataka kondoo wa kuchinja na mbuzi wa kuondoka naye. Wa tatu alikuwa na kofia ya ngozi ya tumbili, alinuka tumbaku, na alimkanda mama tumboni mpaka akapiga yowe. Yeye alitaka ndama. Kila aliyekuja alimcheka aliyemtangulia. Zizi letu, ambalo asubuhi lilikuwa na kelele, likaanza kuwa kimya kidogo kidogo, na ukimya wake niliusikia kabla ya kuuelewa. Yule wa kofia aliporudi, alidai fahali mweusi asiye na doa. Hatukuwa naye. Nyakundi alikuwa naye.

Akamtoa. Alimtoa mbele ya watu, kwa sauti kubwa, na tangu siku ile hakuna alichokisema nyumbani kwetu ambacho hakikuwa na fahali ndani yake. Akiombwa maji, angeuliza kama fahali wake alikunywa vizuri kabla ya kuchinjwa. Tata alikuwa akitazama chini. Fahali aliliwa, mganga akabeba paja na ngozi, na tumbo la mama likabaki pale pale, gumu kama boga.

Kemunto ndiye aliyesema twende kwa Nyaboke. Tulimkuta akipepeta. Dada yangu alipiga magoti kama mtu mwenye adabu, akamwita nyanya kwa lugha yetu, akasema, "Magokoro, mama anakufa. Tunaomba ghala lifunguliwe. Tutarudisha vikapu viwili mavuno yakija."

Nyaboke hakuacha kupepeta. "Mama yenu hana kikapu humu."

"Alikuwa nacho miaka yote."

"Alikuwa nacho. Mlipokuwa mkicheua pombe, mliniita?"

"Si yeye aliyekitoa," Kemunto akasema.

"Najua nani alikitoa. Nilimpimia kwa mikono hii." Akaweka ungo chini, akatutazama kwa lile jicho zima. "Msichana, nikikufungulia leo, kesho kila mwanamke ataweka wimbi lake nyumbani, na akiugua atakuja hapa kulia. Nitamfungulia nini? Machozi? Ghala hili si la kuonea watu huruma. Huruma ningeweza kukupa bila ghala."

"Basi tupe hiyo huruma."

"Ninayo kibao. Haimtibu mtu."

Tulipoondoka nilikiona kikapu cha mama bado kiko kwenye mlango wa ghala, mdomo chini, kuku wamekichafua. Hakuna aliyekigusa. Nilimchukia Nyaboke kwa nguvu ambayo mtoto huwa nayo, ambayo haina pa kwenda. Nilitaka ghala lake liungue. Nilitaka panya. Namwambia msomaji ukweli: mpaka leo nikimkumbuka, kwanza huja ile chuki, na akili hufika baadaye.

Ndipo akaja Mogaka. Alikuwa mjane wa upande wa Nyamache, mtu mzima aliyelingana na tata, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai ya Wazungu na kurudi na ng'ombe. Nyakundi ndiye aliyemleta. Walikaa nje, wakazungumza habari za mvua muda mrefu, na Kemunto alipopeleka maji Mogaka alimtazama miguu na mikono, si usoni. Nilikuwa nyuma ya ukuta wa migomba nikasikia Nyakundi akigawa ng'ombe ambao hawajaja. Wa kwanza ni badala ya fahali wake. Wa pili ni wa mganga mwingine, mkubwa, aliyekuwa mbali kupita Nyamarambe, ambaye hakuna ugonjwa uliomshinda. Waliobaki, tata aanzie zizi lake upya.

"Na shule yake?" tata akauliza. Namshukuru kwa swali hilo moja.

"Shule itakulipia fahali?" Nyakundi akasema, wakacheka wote, hata tata.

Kemunto hakulia. Alikaa kando ya mama, akampangusa uso mpaka asubuhi. Asubuhi alinishika mkono, tukaenda kumsubiri Mogaka kwenye njia aliyopitia kurudi kwao, maana alikuwa amelala kwa Nyakundi. Alipotokea, dada yangu alisimama katikati ya njia. Msichana kusimama hivyo mbele ya mwanamume anayemposa halikuwa jambo la kuonekana kwetu.

"Unanitaka?" akamwuliza.

Mogaka alishtuka. Akasema mazungumzo hayo yana wenyewe.

"Wenyewe ni mimi. Ukinitaka, ng'ombe wa kwanza asipite kwa tata wala kwa Nyakundi. Muuze wewe mwenyewe, umpeleke mama hospitali ya mjini. Ukifanya hivyo nitakuja kwako na sitatoroka. Usipofanya, nitakuja, na hutaniona wiki ya pili."

Yule mzee akakuna kidevu. "Na wengine?"

"Wengine wapeleke unakotaka. Mimi si mchungaji wa ng'ombe."

Alicheka kidogo, akatazama juu mlimani ambako nyumba ya Nyakundi ilionekana, akasema, "Ulimi huu utanisumbua." Akakubali.

Ilikuwa lazima tungoje tata atoke. Alitoka mwisho wa juma lile, yeye na Nyakundi, wakimwongoza mtamba wetu wa mwisho kwenda kwa yule mganga wa kupita Nyamarambe, maana ng'ombe wa Mogaka walikuwa hawajafika na mganga hakusubiri. Siku hiyohiyo Mogaka alikuja na ndugu zake na machela ya fito na blanketi. Nilitaka kumchukia na nilimchukia, lakini nitasema nilichokiona: alibeba mbele, kwenye mteremko, mahali penye uzito, na hakubadilishana na mtu mpaka tulipofika barabara kubwa. Njiani watu walituuliza maiti ni ya nani. Mama aliitikia mwenyewe, kutoka ndani ya blanketi, kwamba bado.

Hospitalini kulikuwa na harufu ya dawa iliyokata pua. Daktari alikuwa Mzungu mwenye haraka. Aliyezungumza na wagonjwa alikuwa dresa, yule mfunga vidonda, mtu wa pwani, mwenye kofia nyeupe ya kufumwa na sauti ya upole. Kiswahili chake kilikwenda kasi. Kemunto hakukijua Kiswahili hata kidogo. Mimi nilikuwa nimeanza shule ya misheni na nilikuwa na maneno machache, basi wakanisukuma mbele.

Dresa akaniinamia. "Daktari anasema kuna kitu ndani, si mtoto, na lazima kitolewe leo. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilijua toka zamani kwamba si mtoto.

"Baba anajua mmemleta hapa?"

"Anajua," nikasema.

"Baba amekubali apasuliwe? Bila hivyo daktari hagusi mtu. Tumekwisha pata matatizo."

Nikageuka nikamwuliza mama kwa lugha yetu kama anakubali kupasuliwa. Akafumba macho, akafumbua, akasema wampasue upesi. Nikamrudia dresa. "Baba amekubali."

"Kwa mdomo wake mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Yuko wapi?"

"Yuko hapa," nikasema, nikishangaa swali lenyewe.

Dresa akainua kichwa, akatazama mlangoni. Mogaka alikuwa amekaa pale kwenye fito za machela, mvi zake zimejaa vumbi, akijipepea kwa kofia. Dresa alimwinamia kichwa kwa heshima. Mogaka naye akainamisha chake. Wakamchukua mama.

Kilichotolewa nilikiona, kwa sababu mlango haukufungwa vizuri. Kilikuwa katika beseni, kikubwa, kinang'aa, rangi ya maji ya mvua. Nilimvuta dresa shati nikamwuliza kama ni pombe. Aliniuliza pombe ya nani. Alicheka, akasema ni uvimbe, hutokea tu mwilini, haukuletwa na mtu. Sikumwamini hata kidogo. Ilikuwa rahisi zaidi kuamini kwamba umeletwa.

Tata alifika baadaye, mama akiwa amelazwa na hawezi hata kugeuka. Aliingia na fimbo yake, nguo zake zikiwa bado na vumbi la Nyamarambe, bila mtamba, Nyakundi nyuma yake. Wagonjwa waliinua vichwa. Hakumtazama mama. Alimwendea dresa moja kwa moja, akamwuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni nani amekubali mke wake kukatwa.

"Baba yao alikubali," dresa akasema.

"Baba nani?"

"Baba wa watoto. Mtoto huyu ndiye aliyesema. Alikuwa hapa mwenyewe, mzee, nimemwona kwa macho yangu."

Tata akageuka akaniangalia. Nilijikunja nyuma ya kitanda. Nilikuwa sijui kosa langu ni nini. Akaniuliza kwa Ekegusii nilisema nini, nikamwambia: niliulizwa kama baba amekubali, na baba alikubali. Nikamwonyesha mama kwa kidole. Nikaona uso wake ukifunguka polepole, kisha ukajifunga. Wote waliosikia lugha yetu katika wodi ile walianza kucheka, mpaka mwanamke mmoja aliyeshonwa akaomba waache, anaumia. Tata akamrudia dresa, akajipiga kifuani.

"Mimi si baba," akasema. "Mimi ni tata."

Dresa alimtazama kama mtu anayefikiria kumwita askari.

Mama ndiye aliyemaliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi. "Mtoto alidanganya wapi? Tumbo ni langu, na mimi nilikubali." Halafu akamtazama tata, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Wewe ulikubali kwa Nyaboke, nyumba yetu ilipotolewa."

Nyakundi akaanza kusema habari za fahali wake. Tata alitoka nje akakaa ukutani, fimbo mapajani, na huko nje ndiko alikomkuta Mogaka, na sijui waliambiana nini.

Mama alipona. Watu wa kanisa waliimba. Ng'ombe wa Mogaka waliokuja baada ya yule wa hospitali walipita zizini kwetu kama wageni, wakaenda kwa Nyakundi na kwa wengine waliojitokeza wakisema nao walisaidia. Aliyebaki alikuwa mmoja, mzee, asiye na maziwa. Na Kemunto akaenda Nyamache. Asubuhi ya kuondoka alikuja chini ya migomba ambako alikuwa akinifundishia, akachukua kile kijiti, akakivunja, akanipa nusu. Tata alimtemea mate ya baraka mkononi, kama desturi. Kemunto akajifuta mkono kwenye majani mbele yake.

Darasa la wadogo lilipewa mtu mwingine.

Msimu uliofuata mtoto wa jirani yetu Kerubo aliangukia moto, akaungua mguu na kiuno. Kerubo alikuwa na kikapu chake kwa Nyaboke. Nilikwenda kuchungulia. Wanawake walifungua ghala mchana uleule, wimbi likaenda sokoni kichwani mwa watu, mtoto akapelekwa hospitali, na wengine wakaingia shambani kwa Kerubo na majembe bila kuitwa kwa pombe. Nyaboke alisimama kwenye mlango wa ghala, mkavu vilevile, hakumpa mtu pole. Mtoto alirudi akichechemea lakini mzima. Nilipita mbele ya nyumba ya Kerubo jioni ile, na mbuzi wake wote walikuwa pale, wamefungwa, wakitafuna. Dada wa mtoto yule, msichana wa umri wa Kemunto, alikuwa akikamua ng'ombe na kuimba. Niliwarushia mbuzi mawe. Ningejua maneno ningesema ni kwa nini, lakini nilikuwa na mawe tu.

Mama alirudi kwa Nyaboke alipoweza kutembea. Alipangusa kinyesi cha kuku kwenye kikapu chake kwa nguo yake mwenyewe. Nyaboke alimwambia ataanza mwanzo kama bibi arusi mgeni, na asiugue kabla ya mavuno. Mama alicheka. Mimi sikucheka. Tata tangu hapo hakusema kitu juu ya ghala lile, wala la kuunga mkono wala la kupinga. Pengine ilikuwa aibu. Pengine alikuwa amechoka. Sijawahi kumsamehe kwa kunifanya nikisie.

Kemunto hakurudi kwetu kwa muda mrefu. Hata alipoanza kuja, alikula kwa mama jikoni, hakukaa mahali tata alipokaa. Lakini mavuno ya kwanza aliyovuna kwa Mogaka, alikuja shemeji mmoja kwa miguu kutoka Nyamache, kikapu cha wimbi kichwani kimefunikwa kwa jani la mgomba. Hakukishusha nyumbani kwetu. Alitaka kuonyeshwa kwa Nyaboke, nami ndiye niliyemwonyesha njia. Nyaboke alimwuliza kama ni cha mama yangu. Shemeji akasema hapana, mama wa nyumba ile ana chake, hiki kimetumwa pamoja na maneno yake, naye ameambiwa ayaseme mbele ya ghala.

Akayasema kama mtu anayerudia somo, macho juu. "Hiki ni cha Moraa. Tata asikiguse."

Moraa ni mimi. Kikapu kile kilikuja kila mavuno mpaka nilipoolewa, na niliolewa na mtu niliyemtaka, nikiwa nimemaliza shule iliyokuwapo. Mama aliugua tena, tata naye aliugua ugonjwa uliomwua, na hakuna aliyetazama miguu yangu na mikono.

Nyaboke alipokimimina kile cha kwanza, alikishika kikapu muda kidogo. Kisha akakiweka kwenye mlango wa ghala, karibu na cha mama, mdomo juu.